SOMO: MABADILIKO YENYE FAIDA NA YASIYO NA FAIDA KATIKA KOMPYUTA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Leo tunaangalia jambo linalowasumbua wengi wanaojifunza kompyuta, nalo ni programu kubadilika sura mara kwa mara.

Hapa Bunda watoto wetu wengi hawana kompyuta nyumbani. Hupata muda mfupi darasani, au hulipia steshenari. Tulipoweka programu mpya ya kuandikia katika kompyuta ya madrasa, kijana aliyezoea kuchapisha orodha za mitihani peke yake alikaa mbele ya kioo asijue pa kubofya. Akasema, "Ustadhi, nimesahau kompyuta." Hakuwa amesahau. Vitu alivyovijua vilikuwa vimehamishwa.

MFANO WA MSAHAFU

Anayehifadhi Qur'an huelewa jambo hili upesi. Msahafu wa Madina una kurasa 604, karibu kila ukurasa una mistari 15, na ukurasa humalizika pamoja na aya. Anayehifadhi humo hukumbuka kwa macho pia: aya hii iko juu, ile iko chini. Mpe msahafu wenye mpangilio mwingine, atababaika, ingawa maneno ni yaleyale.

Je, kila mabadiliko ni mabaya? Hapana. Misahafu ya mwanzo haikuwa na alama za irabu. Uislamu ulipowafikia wasiokuwa Waarabu, makosa ya kusoma yalizidi. Abul-Aswad ad-Du'ali (aliyefariki mwaka 69 Hijria) anatajwa kuwa wa kwanza kuweka alama za irabu. Maneno hayakuguswa, bali msomaji alisaidiwa.

Basi tuulize mambo mawili: Je, kuna haja? Je, anayejua tayari ameachiwa anachokijua?

TUPIME PROGRAMU

1. Lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Haja ilikuwepo, kama ile ya irabu.

2. Usalama. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows XP mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020 na Windows 10 mwaka 2025. Kompyuta isiyorekebishwa huingiliwa kwa urahisi. Kung'ang'ania ya zamani milele si busara.

3. Sura. Office 2007 iliondoa menyu zilizozoeleka, na mahali pa "File" pakawekwa duara lenye nembo. Office 2010 ikairudisha "File". Windows 8 (2012) iliondoa kitufe cha Start, kisha Windows 8.1 (2013) ikakirudisha. Watu walijifunza upya, kisha wakarejeshwa karibu na pale walipoanzia.

Njia ya kati ipo. Debian, mfumo usio na malipo, hutoa toleo imara takriban kila miaka miwili. Katikati ya hapo hurekebishwa zaidi makosa na usalama, na sura hubaki ileile.

TUFANYE NINI?

Sisi walimu tusibadilishe programu katikati ya muhula bila ya dharura, ila marekebisho ya usalama tusiyacheleweshe. Nanyi wanafunzi, msijifunze mahali pa kitufe peke yake. Jifunzeni kazi yenyewe: kuhifadhi, kunakili, kuchapisha. Yule kijana tulimwambia abonyeze Ctrl pamoja na P, kama alivyofanya katika programu ya zamani. Karatasi ikatoka, naye akacheka.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini anayehifadhi Qur'an hubabaika akibadilisha msahafu?
2. Taja mabadiliko mawili ya programu yenye haja na moja lisilo na haja. Toa sababu.
3. Mueleze mzazi wako tofauti ya kurekebisha na kubadilisha sura.