Krismasi ya Theluji: Watoto Wakubwa Wakirudi Nyumbani

Somo letu mara hii linatoka mbali, nchi ya Poland huko Ulaya. Lakini watoto wetu walio Nairobi na Mombasa karibu wataanza kufika kwa Krismasi, kwa hiyo mtaona upesi kwa nini nimelichagua.

Kwanza theluji. Wengi wetu tumeiona kwa mbali tu, pale juu ya Mlima Kenya. Kule inaanguka shambani, juu ya paa na njiani, ingawa si kila Krismasi. Siku hizi hata majira yao yamebadilika na miaka mingine ni matope tu. Ikianguka nyingi, kijana aliyefika jana usiku kutoka mjini haachwi alale. Anapewa koleo, maana sheria inamtaka mwenye nyumba kuondoa theluji kwenye njia ya miguu iliyo kando ya ploti yake. Mkulima naye haichukii theluji. Ngano yake ilipandwa Septemba au Oktoba, ikaota kidogo, na sasa theluji inaifunika kama blanketi ili baridi kali isiiue.

Jioni ya tarehe 24 Desemba ndiyo kubwa kwao. Wanaiita Wigilia. Tangu 2025 ni siku ya mapumziko kisheria. Kabla ya hapo wengi walitoka kazini mbio kukimbilia basi. Jua linatua karibu saa tisa na nusu alasiri. Watoto wanachungulia dirishani, na nyota ya kwanza ikionekana, watu wanaenda mezani. Chini ya kitambaa cha meza kuna nyasi kavu kidogo, za kukumbuka hori. Nyama hakuna. Kuna samaki, supu ya bitiruti, kabichi na uyoga. Kwa desturi vyakula 12.

Sasa sikilizeni hapa. Kabla mtu hajagusa kijiko, kila mmoja anashika kipande cha mkate mwembamba kama karatasi, wa unga na maji, uitwao opłatek. Si Komunyo, msichanganye. Anamwendea kila mtu aliye chumbani, mmoja mmoja. Unavunja kidogo kwangu, navunja kidogo kwako, na tunaambiana ana kwa ana tunayotakiana mwaka ujao. Baba anasimama mbele ya binti ambaye hajapiga simu tangu Pasaka. Ndugu wawili waliogombana hawawezi kupitana kimya. Kama kuna neno la kuomba msamaha, hapo ndipo mahali pake, na chakula kinangoja.

Mezani pia huwekwa sahani moja ya ziada, ya mgeni asiyetazamiwa. Wengi huitazama wakimkumbuka aliyefariki au aliye mbali. Tarehe 13 Desemba 1981 serikali ya huko ilitangaza utawala wa kijeshi, simu zikakatwa, na maelfu wakafungwa. Krismasi hiyo nyumba nyingi zilimjua mwenye sahani. Mwaka 2004 nchi ilijiunga na Umoja wa Ulaya, na vijana wengi sana wakaenda kufanya kazi Uingereza na Ireland. Kuna wazazi wanaoutia huo mkate kwenye bahasha na kuutuma kwa posta.

Nitasema na la kwetu. Marehemu baba na kaka yangu walikosana juu ya shamba. Krismasi moja kaka alikuja na sukari, mkate na mafuta ya kupikia, tukachinja mbuzi, tukala, tukacheka sana. Habari ya shamba hakuna aliyeigusa. Tarehe 26 akapanda matatu akarudi kazini. Agosti tukamzika baba. Siku tatu nzima walikaa boma moja, jamani, na sisi wengine tulikuwa tunajaza sufuria.

Tujadiliane katika kikundi. Je, kuna kijana wa hapa ambaye hajafika Krismasi mbili au tatu? Msikimbilie kusema ameharibika na mji. Nauli inapanda Desemba, na aliyepoteza kazi anaona aibu kuingia mikono mitupu. Nani atampelekea habari kwamba aje hata bila sukari? Ule mkate wa wenzetu ni unga na maji tu.

Halafu, kwenu nani huanza kusema, mzazi au mtoto? Akina mama wengi wameniambia kwamba mzee hawezi kuanza. Wazee, mnasemaje? Na saa ipi inafaa? Mimi naona ni kabla ya kula, wakati wote wapo na hakuna aliyelewa. Akina baba wengine wanapenda ile jioni ya kuota moto. Chagueni wenyewe, ila iwe kabla ya tarehe 26, maana matatu za asubuhi hazingoji mtu.