Usilipie Safari ya Kurudi ya Lori Lisilorudi

WIKI hii ukurasa wa soko unaziweka kando kwa muda bei za mahindi, mchele na viazi, na kuliangalia lori linaloleta mazao hayo mjini. Sababu ni kwamba wasomaji wengi huhama angalau mara moja katika maisha yao ya kazi: wapo wanaohamishwa, wanaostaafu, na wanaoamua kurudi kwao kuanza biashara. Siku hiyo mtu ambaye maisha yake yote amekodi teksi na bajaji tu hujikuta anatafuta lori la kupeleka vyombo umbali wa kilomita mamia. Anaingia katika soko asilolijua, na soko usilolijua hukutoza ada ya ujinga.

Mwaka 2023 shangazi yangu, karani mstaafu, alihama Dar es Salaam kwenda Mbeya. Dalali alimtafutia Fuso kwa Sh. 2,000,000. Alipouliza mbona ghali hivyo, alijibiwa: "Mama, gari hili litarudi tupu. Kwenda na kurudi vyote ni vya kwako." Shangazi aliona maneno hayo yana haki ndani yake, akalipa kutoka katika kiinua mgongo chake.

Wakati wa kupakia, nyuma ya lori kulikuwa na rundo la magunia matupu ya viazi na turubai lenye udongo mwekundu. Hakuna aliyeuliza. Walipofika Ruaha Mbuyuni na kuketi kunywa chai, dereva alieleza bila kificho kwamba lori ni la Mbeya, lilikuwa limeshusha viazi Mabibo alfajiri ya siku iliyotangulia, na lilikuwa linarudi nyumbani. Mwenye gari alikuwa amepokea Sh. 800,000. Shangazi alikuwa amelipia safari ya kurudi ya lori ambalo halikuwa na safari ya kurudi, na Sh. 1,200,000 zilibaki mikononi mwa dalali.

Somo letu la leo liko katika mkasa huo.

Lori lina kwao

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba bei ya kukodi lori haitokani na umbali peke yake. Inatokana pia na mahali lori linapoishi. Lori la Dar es Salaam likikupeleka Mbeya, mwenye gari anabeba hatari ya kurudi bila mzigo, na ni halali yake kuiweka hatari hiyo katika bei. Lori la Mbeya lililokwisha kushusha mzigo Dar es Salaam lina hali tofauti kabisa. Litarudi kwao, uwepo au usiwepo.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, lakini kila msomaji anaweza kuirudia kwa bei za wiki yake. Dar es Salaam hadi Mbeya ni takriban kilomita 830. Tuchukue dizeli kuwa Sh. 2,700 kwa lita, na Fuso linalotumia lita 240 likiwa na mzigo na lita 180 likiwa tupu.

Kwenda na mzigo: dizeli Sh. 648,000, posho ya dereva na utingo Sh. 100,000; matairi, oili na uchakavu Sh. 250,000. Jumla Sh. 998,000.

Kurudi tupu: dizeli Sh. 486,000, posho Sh. 80,000, matairi, oili na uchakavu Sh. 250,000. Jumla Sh. 816,000.

Kwa hiyo lori la Dar es Salaam lina gharama ya Sh. 1,814,000 kwa safari nzima. Mwenye gari akiongeza faida ya asilimia 15, atakuambia kiasi cha Sh. 2,086,000. Hajakuibia. Hiyo ndiyo bei ya haki ya gari linalolazimika kurudi.

Sasa tugeukie lori la Mbeya. Ile Sh. 816,000 ya kurudi tupu ataitumia hata kama hakukuona. Vyombo vyako vinamwongezea nini? Dizeli lita 60, yaani Sh. 162,000, posho ya ziada Sh. 20,000; na tuseme Sh. 100,000 kwa siku moja ya kusubiri na kupakia. Jumla Sh. 282,000. Chochote utakachompa juu ya hapo kinampunguzia hasara ya kurudi mtupu.

Hivyo bei ya lori la kurudi ina sakafu na dari. Sakafu katika mfano wetu ni Sh. 282,000, ambayo chini yake mwenye gari afadhali aondoke mtupu. Dari ni Sh. 2,086,000, ambayo juu yake wewe afadhali ukodi lori la mjini. Kati ya hapo ni mapatano. Dalali wa shangazi alijua sakafu na dari. Mwenye gari alijua sakafu. Shangazi hakujua lolote, naye ndiye aliyekuwa na fedha.

Kanuni hii haina uraia. Nchini Marekani kampuni ya U-Haul, iliyoanzishwa mwaka 1945, hukodisha magari ya kuhamia kwa safari ya kwenda tu: mteja anaendesha mwenyewe na kuliacha gari katika kituo cha mji anaohamia. Miaka ambayo watu wengi wanaihama California kwenda Texas, nauli ya upande huo huwa kubwa mara kadhaa kuliko ya upande wa pili kwa barabara ile ile, kwa sababu magari hurundikana Texas na kuadimika California. Kwetu lori huja na dereva na utingo wake, lakini hesabu ni hiyo hiyo: upande unaokimbiliwa na wengi ni ghali, upande ambao magari yanarudi matupu ni rahisi.

Soma mkondo wa mazao

Kwa kuwa Fuso nyingi za mikoani huja Dar es Salaam na mazao, anayehama kutoka Dar es Salaam ana bahati asiyoijua. Mabibo hupokea ndizi na viazi kutoka nyanda za juu kusini. Tandale ni soko la nafaka. Lori lililoshusha lumbesa zake alfajiri huanza kutafuta mzigo wa kurudi asubuhi hiyo hiyo. Kadiri saa zinavyokwenda ndivyo mwenye gari anavyolegea, maana kila siku ya kulala mjini ni posho na maegesho.

Msimu nao una neno. Mahindi ya nyanda za juu kusini huvunwa kuanzia Mei hadi Agosti. Katika miezi hiyo na inayofuata malori yanayoingia mjini huwa mengi, na yanayotafuta mzigo wa kurudi huwa mengi pia. Anayehama Dar es Salaam kwenda Mbeya au Njombe akichagua wakati huo ana nguvu ya kupatana. Anayehama kutoka Mbeya kuja Dar es Salaam yuko upande mbaya wa mkondo, kwani anashindania lori na mwenye mahindi anayelijaza mpaka juu. Huyo afadhali asubiri mavuno yapungue, kama kazi yake inaruhusu.

Malori makubwa ya semi yana mkondo wake. Hayo huondoka bandarini na mzigo wa Zambia na Kongo kupitia Tunduma. Kwa anayetoka mjini hayana nafasi ya kurudi tupu. Nafasi hiyo iko upande wa kuja pwani.

Nafasi kabla ya uzito

Kosa la pili la wahamaji ni kukodi lori zima kwa vyombo vya nusu lori. Vyombo vya nyumbani ni vyepesi lakini vinakula nafasi. Godoro na kochi havina uzito wa kutisha, ila huwezi kuvirundikia magunia ya saruji. Kwa hiyo mwenye gari hukutoza nafasi, wala si kilo.

Pima rundo lako kabla ya kuita gari. Vitanda vikifunguliwa, meza zikigeuzwa miguu juu na makabati yakijazwa nguo, nyumba ya vyumba viwili huweza kuingia katika Canter, na Canter hunywa dizeli kidogo kuliko Fuso. Njia nyingine ni kugawana Fuso na mfanyabiashara anayepeleka bidhaa za dukani. Hapo dai mambo mawili: vyombo vyako vikae upande mmoja vikitenganishwa kwa turubai, na ujue mwenzako kapakia nini. Bidhaa zenye mafuta, chumvichumvi au harufu zitaingia katika magodoro yako, na hakuna wa kukulipa.

Ujue pia uzito wa mzigo wa mwenzako. Katika barabara kuu, magari ya tani 3.5 na zaidi hupimwa katika mizani ya TANROADS, kama ile ya Vigwaza na ya Mikese. Lori likizidisha uzito, hutozwa na huweza kuzuiwa mpaka mzigo upunguzwe. Vyombo vyako vitakaa hapo na lori, hata kama kosa ni la lumbesa za mtu mwingine. Na ukiwa na magunia ya mkaa au mbao za kujengea, kumbuka kwamba mazao ya misitu yanahitaji kibali cha kusafirishia kutoka TFS. Gunia moja la mkaa lisilo na kibali laweza kuchelewesha nyumba nzima.

Rahisi isigeuke ghali

Bei ndogo ina hatari zake. Baadhi ya madereva hupakia mzigo wa kurudi bila mwenye gari kujua. Bei yao huwa tamu, lakini kochi likipotea utamdai nani? Kabla ya kutoa fedha, ona kadi ya gari, leseni ya dereva na leseni ya usafirishaji ya LATRA. Kisha ongea na mwenye gari mwenyewe kwa simu, mkitaja bei hiyo hiyo mliyopatana na dereva. Swali hilo moja, "Mzee, tumeelewana shilingi ngapi?", lingemwokolea shangazi yangu zaidi ya milioni moja.

Pili, andika orodha ya vyombo kimoja kimoja pamoja na hali yake, nakala tatu: yako, ya dereva, na ya atakayepokea. Kila mmoja atie sahihi wakati wa kupakia na wakati wa kushusha.

Tatu, usilipe zote mwanzoni. Nusu wakati wa kupakia ni desturi inayoeleweka, kwani dereva anahitaji dizeli. Nusu ya pili itoke vyombo vikishashushwa na kuhesabiwa. Patana mapema nani analipa wapakiaji, na kama bei ni ya mpaka mlangoni au mpaka stendi. Dai risiti ya EFD, hasa kama mwajiri atakurudishia gharama.

Nne, bima. Bima ndogo ambayo kila gari hulazimika kuwa nayo hulinda watu wengine wa barabarani. Hailindi vyombo ulivyopakia. Ukiwa na mali ya thamani, ulizia bima ya mizigo safarini katika kampuni ya bima. Vyeti, hati ya nyumba, dhahabu na fedha vipande nawe mwenyewe, si lori. Mtungi wa gesi na madumu ya mafuta visipande kabisa.

Tano, njia ina milima. Mlima Kitonga hauna huruma na mzigo uliofungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Vizito vitangulie mbele na chini, jokofu lisimame wima, na kamba zikaguliwe tena Morogoro kabla ya kuendelea.

Kumbuka haki yako

Si kila safari unapaswa kuigharimia wewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inahusu mfanyakazi ambaye mkataba wake umekoma mahali tofauti na alipoajiriwa. Mwajiri ana wajibu wa kumsafirisha yeye na vyombo vyake mpaka alipoajiriwa, au kulipia usafiri huo, au kumpa posho ya usafiri. Kabla ya kusaini karatasi za mwisho, uliza mwajiri amechagua lipi kati ya hayo matatu. Ukipewa posho, hesabu ya leo ndiyo itakayokuambia kama inatosha.

Zoezi la wiki

Chukua safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, takriban kilomita 450. Tumia bei kikomo ya dizeli ambayo EWURA hutangaza kila mwezi. Tafuta, kwa Canter la kilomita 7 kwa lita: (a) gharama ya kwenda, (b) gharama ya kurudi tupu, (c) sakafu na dari ya bei yako. Ukishapata majibu hayo, nenda kijiweni ukapatane, na swali lako la kwanza kwa dereva liwe hili: "Kaka, gari hili linalala wapi?"