Wino au Kioo: Jinsi ya Kutoa Alama za Vidole Zikasomeka

Umeweka kidole kwenye mashine ya wakala wa laini za simu mara ya tatu, na bado unakataliwa. Usilaumu mtandao kabla hujakagua ngozi yako. Kusoma ngozi hakukuanza na mashine: mwaka 1858 huko India, ofisa Mwingereza William Herschel alimtaka mkandarasi Rajyadhar Konai apige chapa ya kiganja chake kwenye mkataba. Mwaka 1901 Scotland Yard, makao ya polisi wa London, ikafungua ofisi ya alama za vidole, na kufikia 1920 serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa ikiwachukua wanaume Waafrika alama za wino kwa ajili ya kitambulisho kilichoitwa kipande. Vifaa vimebadilika, lakini kinachosomwa bado ni michirizi ya ngozi.

Ukikutana na wino

Huenda ukaukuta polisi unapoomba cheti cha tabia njema.

1. Nawa, kisha kausha mikono kabisa. Jasho huharibu chapa.
2. Wino utandazwe mwembamba kwa rola. Ukiwa mzito hujaa katikati ya michirizi, na karatasi inapata doa jeusi tu.
3. Legeza mkono, umwachie ofisa kazi. Kidole huviringishwa toka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, mara moja, bila kurudishwa. Dole gumba huelekezwa mwilini, vidole vingine nje.
4. Mwishoni vidole vinne hubandikwa kwa pamoja, ili ihakikishwe kwamba hakuna kilichoingia kwenye kisanduku cha mwenzake katika fomu.

Ukikutana na kioo

Mashine nyingi hutumia mwanga kutofautisha michirizi inayogusa kioo na mifereji isiyokigusa. Ngozi kavu haigusi vizuri, kwa hiyo picha hukatikakatika. Ngozi yenye maji hutoa picha iliyovurugika.

1. Omba kioo kifutwe.
2. Laza nyama ya kidole, si ncha, na ubonyeze kwa wastani. Ukikandamiza, michirizi inabanana.
3. Kidole kikiwa kikavu, paka losheni kidogo sana, ufute inayobaki juu.
4. Kama unashika saruji, jembe au sabuni ya kufulia kila siku, paka mafuta kila usiku kwa siku kadhaa kabla ya kwenda.
5. Kidole kikikataa, omba kujaribu kingine. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) huchukua alama za vidole vyote kumi, kwa hiyo dole gumba lililosagika si mwisho wa safari.

Mashine ikishakubali

Ondoa kidole. Wakala akikutaka urudie ilhali usajili umekamilika, muulize sababu, na jibu lisipoeleweka ukatae: alama hiyo ya pili inaweza kusajili laini ya mtu mwingine kwa jina lako. Kwa Tanzania, piga *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua itolee taarifa mara moja.