Watengenezaji wa Njia ya Reli Jangwani

Katika Australia ilikuwako njia ya reli iliyotoka Port Augusta, pwani ya kusini, ikapita jangwani. Ilifika Oodnadatta mwaka 1891, na Alice Springs mwaka 1929. Nchi iliyopitiwa ilikuwa ya wenyeji wa asili, kama vile watu wa Arabana na Arrernte.

Baadhi ya wenyeji hao walishika sululu na beleshi. Kazi yao ilikuwa kubadili mataruma, kukaza misumari na kuondoa mchanga uliofukia njia. Mito ya huko hukauka muda mrefu. Lakini mvua kubwa ikinyesha, mafuriko yalichukua tuta na reli pamoja, gari la moshi likakwama mpaka njia itengenezwe.

Hata hivyo, Katiba ya Australia ilikataza wenyeji hao wasitiwe katika hesabu ya watu wa nchi. Sharti hilo liliondolewa kwa kura ya mwaka 1967.

Mwaka 1980 reli hiyo ilifungwa, baada ya nyingine kujengwa upande wa magharibi, na kazi zake zikaisha. Asafiriye kwa raha na amkumbuke aliyeitengeneza njia.