Besi Mkubwa Kaniponyoka Naivasha

Swali: Huwa natoka Umoja kwenda Ziwa Naivasha kuvua besi kwa fimbo. Juzi mmoja mkubwa alinasa, akaruka juu ya maji, akaenda zake. Nilikosea wapi?

Jibu: Pole, ndugu yangu. Besi aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, na mchezo wake ni huo huo: huruka, hutikisa kichwa, na mshipi ukilegea kidogo tu ndoana inachomoka. Akianza kupanda, inamisha ncha ya fimbo karibu na maji, mshipi ukiwa umekaza. Wengi huinua fimbo juu, nao humsaidia samaki.

Lakini kwanza kagua mshipi wenyewe. Ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe? Fundo lilifunguka, lijalo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Umekwaruzika? Ulisuguliwa na mawe au visiki, basi kata mita moja ufunge upya. Ndoana ikirudi nzima, ijaribu kwenye ukucha: ikiteleza, ni butu. Breki ya rili nayo isizidi theluthi moja ya nguvu ya mshipi.

Na akikuponyokea ukingoni, tafadhali usiingie majini kumfuata. Viboko wa Naivasha wameshaua wavuvi.