SOMO LA LEO: DEREVA NA MUZIKI

Ndugu msomaji, huenda huna gari. Lakini unapanda. Unapanda basi kwenda mjini, unapanda Fuso lililobeba mpunga wako, unapanda bodaboda kumpeleka mtoto zahanati. Kwa hiyo muziki anaouchagua dereva unakuhusu.

Kwanza tuelewane. Muziki si adui. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na kimya cha siku nzima kinachosha. Shida ni muziki gani, na kwa sauti gani.

Chukua wimbo wa dansi. Mwanzo waimbaji wanatoa kisa polepole. Halafu linakuja chemko: magita yanakimbia, ngoma zinafuata, hata mzee aliyekaa anatikisa bega. Sasa dereva naye ana mguu, na mguu ule uko juu ya mafuta. Unafuata ngoma bila mwenyewe kujua. Mtafiti mmoja wa Israel, Warren Brodsky, alilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliwaweka watu kwenye mashine inayoigiza gari, akawapigia muziki wa mwendo mbalimbali. Muziki ulipokwenda haraka, nao walikwenda kasi zaidi, na wakapita taa nyekundu mara nyingi zaidi.

Unaweza kupima wimbo mwenyewe. Gonga meza ukiufuata mdundo kwa sekunde 15, uhesabu. Zidisha mara 4. Ukipata 60 au 70, ni wimbo wa polepole. Ukipita 120, huo ni wa harusini, si wa kwenye usukani.

Tuje kwenye sauti. Dereva haendeshi kwa macho tu. Anasikia honi, anasikia tairi likipasuka, anasikia breki zikilia chuma kwa chuma. Anayeteremka Kitonga na mzigo anahitaji masikio yake yote. Kipimo ni rahisi: abiria akisema "shusha" kwa sauti ya kawaida na konda wala dereva hakusikia, basi muziki umezidi.

Wa bodaboda wanaovaa eafoni ndio wananitisha zaidi. Siku moja nilipanda kwa kijana mmoja aliyeziba masikio yote mawili. Lori lilikuwa nyuma yetu likipiga honi. Mimi nalisikia, yeye hasikii. Nikampiga begani. Kumbe alidhani namwambia aongeze mwendo! Akaongeza, tena akahamia katikati ya barabara. Lori lilitupita kwa upande wa majani, vumbi likatufunika. Aliposimama nilishuka, nikamlipa, nikaenda kwa miguu.

Jambo lingine ni kuchagua wimbo huku gari linakwenda. Tufanye hesabu. Kilomita 80 kwa saa ni mita 80,000 kwa sekunde 3,600. Gawanya: ni mita 22 na kidogo kila sekunde. Dereva akitazama simu sekunde 3 tu akitafuta wimbo, gari limekwenda mita 66 bila macho. Ng'ombe hahitaji mita 66 kuvuka barabara. Nyimbo zipangwe kabla ya kuondoka, au konda abadilishe.

Je, usingizi? Madereva wengi husema, "Naongeza sauti, usingizi unakimbia." Watafiti wa Loughborough, Uingereza, walitoa matokeo yao mwaka 1998: redio husaidia kidogo tu, kwa muda mfupi. Anayesinzia aegeshe gari pembeni, alale walau dakika 15.

Mimi ningechagua nyimbo za zamani ninazozijua: taarabu, au zile za polepole za Mbaraka Mwinshehe, ambaye naye alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Wimbo mpya wenye kisa unavuta akili. Unataka kujua mwisho wake. Mpira redioni ni vivyo hivyo, hasa timu yako ikiwa imefungwa. Na mvua ikinyesha, au mkifika penye shule, zima kabisa.

MASWALI YA KUJADILI
1. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Katika sekunde 3 linakwenda mita ngapi?
2. Muziki wa basi umezidi, na abiria wengine wanaufurahia. Utamwambiaje dereva?
3. Bodaboda wa kijiji chenu wanavaa eafoni? Nani ataongea nao, na lini?