SOMO: KADI YA PICHA NA PAWASAPLAI – SOMA KIBANDIKO KABLA YA KULIPA



Tuseme tawi lenu lina kompyuta ya mezani iliyonunuliwa kuukuu. Inaandika barua na kutunza daftari la wanachama bila taabu. Sasa vijana wanataka kuitumia kutengeneza filamu fupi za kufundishia usalama kazini, na mashine inakwama. Fundi anasema: "Tieni kadi ya picha." Fedha zipo, lakini ni michango ya wanachama. Kwa hiyo tujifunze kwanza, tununue baadaye.

1. Je, kadi inahitajika?

Kadi ya picha ni bodi inayochomekwa ndani ya kompyuta ili kufanya hesabu za kuchora picha kwenye skrini. Prosesa nyingi zina uwezo mdogo wa picha ndani yake, nao unatosha kwa barua, mahesabu na intaneti. Mwenye kazi hizo tu asitumie fedha zake. Kadi ni kwa kazi za filamu, michoro ya ufundi na michezo.

2. Umeme wake unatoka wapi?

Ndani ya kompyuta mna kisanduku cha chuma chenye feni, ambacho huingiza waya wa ukutani. Hicho ndicho pawasaplai. Hupokea umeme wa volti 230 au 240 na kuugeuza kuwa umeme mdogo. Kadi na prosesa hutumia hasa ule wa volti 12.

Nafasi inapochomekwa kadi hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi hufungwa plagi ya ziada: ya pini 6 hutoa wati 75, ya pini 8 hutoa wati 150. Kadi ya GeForce GTX 1650 hutumia wati 75, na nyingi za aina hiyo hazihitaji plagi. GeForce RTX 3060 hutumia wati 170, na mtengenezaji anashauri pawasaplai ya wati 550. Kompyuta nyingi za ofisini zina pawasaplai ya wati 200 hadi 300. Ninyi mnaofanya kazi viwandani mnajua: mota kubwa haifungwi kwenye waya wa taa.

3. Jumla siyo unachopeleka nyumbani

Kwenye hati ya mshahara kuna jumla kubwa, kuna makato, halafu kuna kile unachopokea mkononi. Pawasaplai nayo ni hivyo. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa ni jumla. Wewe tafuta mstari wa volti 12, usome ampea, kisha uzidishe kwa 12.

Mfano: kisanduku kimeandikwa "500W", lakini mstari wa volti 12 unaonyesha ampea 18.
18 x 12 = wati 216.

Sasa hesabu mahitaji: kadi 170, prosesa 100, vifaa vingine 60. Jumla ni wati 330. Kisanduku hicho hakifai, hata kama bei yake ni nzuri. Pawasaplai ya wati 550 yenye ampea 45 hutoa 45 x 12 = wati 540. Hiyo inabeba mzigo na kubakiza akiba, na akiba ni lazima, kwa sababu kadi huvuta umeme kwa mishtuko.

4. Tahadhari

(a) Usitumie kiunganishi kinachogeuza plagi ya diski ya SATA kuwa plagi ya kadi. Plagi ya SATA hubeba wati 54 tu. Ikizidishiwa inaweza kuyeyuka na kuwaka.

(b) Usichanganye nyaya za pawasaplai mbili. Plagi zaweza kufanana huku mpangilio wa ndani ni tofauti, na vifaa vikaungua.

(c) Pawasaplai nyingine zina swichi ya 115 na 230. Hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuwasha.

(d) Usifungue pawasaplai. Kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomoa waya.

(e) Pima urefu wa nafasi ndani ya kompyuta, na utazame plagi za bodi kuu. Baadhi ya kompyuta za ofisini hutumia plagi za pekee ambazo pawasaplai ya kawaida haiingii. Hapo ni afadhali kadi ya wati 75 isiyo na plagi, mradi pawasaplai iliyopo inaweza kuibeba.

5. Maswali ya kujadili

1. Pawasaplai imeandikwa "450W", mstari wa volti 12 ni ampea 20. Je, inaweza kubeba mzigo wa wati 330?
2. Tawi lenu lina kazi gani inayohitaji kadi? Ziandikeni kabla ya kwenda dukani.
3. Nani atakisoma kibandiko mbele ya muuzaji, na nani atapiga hesabu? Wachagueni wawili, mmoja amhakikishe mwenzake.

Jibu la swali la 1: 20 x 12 = wati 240. Haiwezi. Muuzaji akikasirika, muageni kwa heshima mwende duka jingine.